Kung'aa si Kuakisi: Istilahi za Urujuanimno na Tando za Metali katika Maelezo ya Maji Salama, Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi tando nyembamba za metali zinavyoakisi miale ya urujuanimno, na yanaonyesha kwa nini maelezo hayo ni suala la lugha kama yalivyo suala la fizikia. Chanzo chake ni sentensi moja ya kijikaratasi cha Kiswahili kuhusu kutibu maji ya kunywa kwa jua, kilichokusudiwa kwa wasomaji wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makala yanadai kwamba kitenzi "kung'aa" hakifai kubeba maana ya "kuakisi", kwa kuwa jicho la binadamu halioni urujuanimno na vitu kadhaa vinavyong'aa huufyonza. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunzi wa istilahi, waandishi wa maelezo ya afya na washauri wa sera ya lugha.

Maneno muhimu: urujuanimno, uakisi, utando, istilahi, maji salama, Nakivale

1.0 Utangulizi

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika Wilaya ya Isingiro, kusini mwa jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 100,000 waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na nchi nyingine, wakipakana na wenyeji wanaozungumza Kinyankore. Aliyesoma Bukavu alifundishwa sayansi kwa Kifaransa. Aliyesoma Mbarara alifundishwa kwa Kiingereza. Wanapokutana kisimani, zahanati au sokoni, lugha inayowaunganisha wengi wao ni Kiswahili, ingawa Kiswahili cha kila mmoja kina lafudhi na msamiati wa kwao.

Katika mazingira hayo niliombwa kuhariri kijikaratasi cha ukurasa mmoja kuhusu kutibu maji kwa mwanga wa jua. Rasimu ilikuwa imeandikwa kwa lugha nyepesi na kwa nia njema. Hatua ya nne ilisomeka hivi: "Weka chupa juu ya kitu kinachong'aa ili jua lifanye kazi haraka." Niliipitisha bila wasiwasi. Tulipoisoma pamoja na wasomaji wachache wa majaribio, mwalimu mmoja mwenye asili ya Kivu aliinua mkono: "Mwalimu, kioo cha kujitazamia kinang'aa kuliko vyote. Na ukuta uliopakwa rangi nyeupe nao unang'aa. Vyote ni sawa?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilipolitafuta, nilibaini kwamba sentensi niliyoipitisha ilikuwa na makosa mawili. Kosa la kwanza lilikuwa la fizikia: kung'aa hakuthibitishi kwamba kitu kinaakisi miale inayohitajika. Kosa la pili lilikuwa la usalama: neno "haraka" lingeweza kumfanya mama aitoe chupa juani saa sita mchana akiamini kazi imekwisha. Makosa yote mawili yalitokana na uteuzi wa maneno. Makala haya ni jibu la swali la mwalimu yule, limechelewa lakini limekamilika zaidi.

2.0 Maji, chupa na jua

Maji ya Ziwa Nakivale hubeba udongo mwingi, na sehemu kubwa ya maji yanayotumika katika makazi hupitia mitambo ya kusafishia kabla ya kusambazwa. Hata hivyo, maji yaliyosafishwa yanaweza kuchafuka tena katika dumu, katika foleni au nyumbani. Kuyachemsha kunahitaji kuni au makaa, na kuni ni haba. Kuyatia klorini kunahitaji dawa ipatikane na ipimwe sawasawa. Kwa sababu hiyo, njia ya jua hutajwa miongoni mwa njia za nyongeza za ngazi ya kaya.

Utafiti wa njia hii ulianzishwa na Aftim Acra na wenzake mjini Beirut, waliochapisha matokeo yao mwaka 1980. Taasisi ya Eawag ya Uswisi iliuendeleza tangu miaka ya 1990. Katika Afrika Mashariki, jaribio linalojulikana zaidi lilifanywa nchini Kenya miongoni mwa watoto wa Kimaasai na kuchapishwa mwaka 1996: kundi moja liliweka chupa za plastiki juani, jingine likaziweka ndani ya nyumba, na kundi la juani likapata kuhara kwa kiwango kidogo zaidi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Maji maangavu hutiwa katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, yenye ujazo usiozidi lita 2, lebo yake ikiwa imebanduliwa. Chupa hulazwa juani kwa saa 6 siku ya jua au ya mawingu machache, na kwa siku 2 mfululizo mawingu yakitanda. Siku ya mvua njia nyingine hutumika. Maji yenye tope hutuamishwa na kuchujwa kwanza, kwa kuwa chembe za udongo huwakinga vijidudu dhidi ya mwanga. Kipimo cha nyumbani ni kuisimamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti na kutazama kutoka juu: herufi zisiposomeka, maji hayajawa tayari. Njia hii haiondoi kemikali wala chumvi.

Kinachoua vijidudu ni miale ya urujuanimno ikisaidiwa na joto. Urujuanimno una mawimbi mafupi kuliko mwanga wa rangi ya urujuani, ambao ndio mwisho wa mwanga tunaouona. Wanafizikia huugawa katika kanda tatu: A kuanzia nanomita 315 hadi 400, B kuanzia 280 hadi 315, na C chini ya 280. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kanda C huzuiwa na angahewa. Kanda B hufika kwa uchache, na plastiki ya chupa za maji huizuia karibu yote. Hivyo ndani ya chupa kazi hufanywa hasa na kanda A, ambayo kwa kushirikiana na oksijeni iliyoyeyuka katika maji huziharibu seli za vijidudu. Mbarara na Nakivale ziko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa karibu na utosi mwaka mzima.

Hapa ndipo kiakisi kinapoingia. Chupa iliyolazwa juu ya udongo hupokea miale kutoka juu tu, na miale inayopita pembeni huishia ardhini. Ikiwekwa juu ya kitu kinachoakisi urujuanimno, sehemu ya miale hiyo hurudishwa ndani ya chupa kupitia upande wa chini na ubavuni. Ni msaada wa ziada. Muda wa saa 6 unabaki palepale. Swali ni: kitu gani huakisi urujuanimno?

3.0 Kwa nini metali hazifanani

Metali huakisi mwanga kwa sababu ndani yake mna elektroni huru zisizofungwa kwenye atomu yoyote. Wimbi la mwanga likifika, elektroni hizo huyumba kwa kulifuata, na kuyumba kwake hutoa wimbi jipya linalorudi lilikotoka. Wimbi la awali hupenya kina kidogo mno. Katika alumini hudhoofika ndani ya nanomita zipatazo 10 hadi 20 tu.

Kama elektroni huru zingekuwa peke yake, metali zote zingefanana. Lakini zipo pia elektroni zilizofungwa kwenye atomu, na hizi zinaweza kuifyonza miale yenye nishati ya kutosha kuzing'oa mahali pake. Kadiri wimbi linavyofupika ndivyo nishati yake inavyoongezeka. Kila metali ina mpaka wake ambapo ufyonzaji huo huanza.

Katika dhahabu na shaba mpaka huo umo ndani ya mwanga unaoonekana: hufyonza buluu na urujuani, na ndiyo maana huonekana za manjano au nyekundu. Katika madini ya fedha mpaka umesogea hadi ndani ya urujuanimno. Fedha safi huakisi zaidi ya asilimia 95 ya sehemu kubwa ya mwanga unaoonekana, kiwango ambacho hakifikiwi na metali nyingine ya kawaida. Lakini ukishuka chini ya nanomita 340 kiwango hicho huporomoka ghafla, na karibu na nanomita 320 hakifiki hata asilimia 10. Macho yetu hayaoni anguko hilo.

Alumini ina tabia tofauti. Katika mwanga unaoonekana huakisi kiasi cha asilimia 90, kidogo chini ya fedha. Katika urujuanimno wa kanda A na B, utando wake mpya na safi huendelea kuakisi kiasi hichohicho. Tukiweka vipande viwili mezani, kimoja cha fedha na kimoja cha alumini, jicho litasema fedha inang'aa zaidi. Kwa mwale wa nanomita 320, alumini huakisi zaidi ya mara tisa ya fedha. Jicho limetoa ushahidi wa kweli kuhusu jambo lisiloulizwa.

4.0 Utando uliovukizwa

Wanaastronomia walikutana na tatizo hili mapema. Vioo vya darubini za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 vilipakwa fedha kwa kemikali. Vilikuwa angavu lakini viliiva weusi upesi, na havikufaa kwa urujuanimno. Katika miaka ya 1930 John Strong, mwanafizikia wa Marekani, aliendeleza njia ya kupaka alumini kwa kuivukiza, na mwaka 1935 kioo cha inchi 100 cha darubini ya Mount Wilson kilipakwa utando wa aina hiyo.

Njia yenyewe inaeleweka kwa mfano wa sufuria. Mvuke wa maji unaochemka ukigusa mfuniko wa baridi huganda kuwa matone. Vivyo hivyo, kipande cha alumini huwekwa kwenye waya wa tangsteni ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, yaani ombwe, kisha waya hupashwa joto kwa umeme. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi na, joto likizidi sana, huvukizwa. Kwa kuwa hakuna hewa ya kuzigonga, atomu husafiri kwa mstari ulionyooka hadi kwenye kioo baridi na kutulia hapo. Utando wenye unene wa nanomita 100 unatosha. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko huo mara mia kadhaa.

Ubora wa ombwe na kasi ya uvukizaji ni muhimu kuliko mtu anavyodhani. Hewa ikibaki chumbani, au alumini ikitua polepole, oksijeni hunaswa ndani ya utando na chembe zake huwa na mikwaruzo. Utando wa namna hiyo unaweza kuonekana mzuri kabisa kwa macho, ilhali uakisi wake wa urujuanimno umekwisha kuharibika, kwa kuwa madhara hujitokeza kwanza katika mawimbi mafupi. Georg Hass na wenzake nchini Marekani walilieleza jambo hili kwa vipimo katikati ya karne ya 20. Alumini ikitoka kwenye ombwe hujivika ngozi ya oksidi yenye unene wa nanomita chache. Ngozi hiyo huikinga, na kwa kanda A haina madhara makubwa. Kwa mawimbi mafupi zaidi hudhuru, na ndiyo maana kioo cha darubini ya anga ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, kilipakwa alumini ya nanomita 65 hivi na juu yake floridi ya magnesi ya nanomita 25 hivi.

Mkazi wa Nakivale hahitaji darubini ili kuukuta utando uliovukizwa. Pakiti nyingi za krispi na biskuti zinazouzwa madukani Mbarara zina utando wa alumini wa makumi machache ya nanomita, uliovukizwa juu ya plastiki. Pakiti ikielekezwa kwenye jua kali, mtu anaweza kuuona mwanga hafifu ukipenya. Hicho ni kipimo cha wembamba wake. Karatasi ya alumini ya jikoni ni kitu kingine: ni bamba lililosagwa kwa roda, lenye unene unaozidi nanomita 10,000, na halipitishi mwanga wowote lisipokuwa limetoboka.

5.0 Mng'ao unavyodanganya

Sasa tunaweza kumjibu mwalimu, na kuongeza vitu vingine ambavyo msomaji wa kijikaratasi angevifikiria.

Kwanza, kioo cha kujitazamia. Neno "kioo" lenyewe lina maana mbili: mata ya dirishani na kifaa cha kujiona. Katika kifaa hicho metali iko nyuma ya mata. Miale hupita katika mata mara mbili, kuingia na kutoka, na kioo cha kawaida hufyonza urujuanimno zaidi kadiri wimbi linavyofupika. Metali ya nyuma ikiwa ni fedha, hasara huongezeka kwenye ukingo wa chini wa kanda A. Kioo kinachomwonyesha mtu sura yake kwa ukamilifu kinaweza kurudisha sehemu tu ya miale tunayoitaka.

Pili, rangi nyeupe. Rangi nyingi nyeupe za ukutani hutiwa dioksidi ya titani. Kiungo hicho hutawanya mwanga wote unaoonekana, na ndiyo siri ya weupe wake, lakini hufyonza urujuanimno kwa nguvu. Ubao mweupe unaoumiza macho mchana ni karibu sawa na ubao mweusi kwa urujuanimno. Huu ndio mfano wenye hatari zaidi, kwa sababu weupe, usafi na mng'ao vimefungamana katika fikra zetu.

Tatu, bati. Bati jipya lina zinki tupu na huakisi kwa kiasi fulani. Likizeeka, zinki hugeuka misombo ya kijivu au meupe, ikiwemo oksidi ya zinki, ambayo ni mfyonzaji wa urujuanimno na hutiwa katika mafuta ya kujikinga na jua. Paa la bati bado ni mahali pazuri pa kulaza chupa, kwa kuwa hupata jua kamili na hupasha maji joto. Tusiliite tu kiakisi.

Nne, pakiti zenye rangi ya dhahabu. Mara nyingi rangi hiyo si dhahabu; ni alumini iliyopakwa lakiri ya manjano. Lakiri hufyonza urujuani na, pamoja nao, urujuanimno. Upande wa ndani wa pakiti, usio na rangi, hufanya kazi vizuri zaidi, ingawa plastiki yake huchakaa juani.

Tano, karatasi ya alumini ya jikoni, yenye upande unaong'aa na upande uliofifia. Watu wengi huamini upande uliofifia ni dhaifu. Jumla ya mwanga unaorudishwa na pande hizo mbili inakaribiana. Upande mmoja huurudisha kwa mwelekeo mmoja, mwingine huutawanya. Kwa chupa iliyolazwa, tofauti hiyo ni ndogo.

Katika mifano hii mitano, kanuni ya "tafuta kinachong'aa" ingemwongoza msomaji vibaya katika minne ya kwanza, na katika wa tano ingemsumbua bure.

6.0 Uchambuzi wa istilahi

Kitenzi "ng'aa" hakichukui yambwa. Jua hung'aa, kiatu kilichopigwa rangi hung'aa, shati jeupe hung'aa, uso wa mwenye furaha hung'aa. Maana zisizopungua nne zimo humo: kutoa mwanga, kuwa na ulaini wa uso, kuwa na weupe, na kupendeza. Zote hupimwa kwa jicho la mtazamaji. Ni neno zuri la fasihi na la maisha ya kila siku, ila halina nafasi ya kuuliza "mwanga upi?"

Kitenzi "akisi" huchukua yambwa. Anayesema "alumini huakisi" anasubiriwa amalizie: huakisi nini? Sarufi yenyewe inamdai msemaji taarifa ambayo fizikia inaihitaji. "Alumini huakisi urujuanimno, rangi nyeupe huakisi mwanga unaoonekana lakini hufyonza urujuanimno." Sentensi hiyo ni fupi, ni ya kweli, na haiwezi kutafsiriwa kwa "kung'aa" bila kuharibika.

Kutokana na kitenzi hiki napendekeza kutenga dhana mbili ambazo maandishi yetu huzichanganya. "Uakisi" uwe jina la tukio la mwanga kurudishwa. "Kiwango cha uakisi" kiwe uwiano wa mwanga uliorudishwa kwa mwanga uliofika, nacho kisitajwe kamwe bila urefu wa wimbi au kanda yake. Kusema "kiwango cha uakisi cha fedha ni asilimia 95" ni sawa na kusema "nauli ni elfu tano" bila kutaja safari.

"Urujuanimno" ni istilahi iliyokwisha kukubalika katika kamusi, na imeundwa kwa uwazi: mwanga uliopita urujuani. Udhaifu wake uko kwa msomaji. Neno "urujuani" halitumiki sana nje ya vitabu, hivyo kiambishi "mno" kinaongezwa kwenye kitu ambacho msomaji hakijui. Wasomaji wenye asili ya Kongo hulitambua zaidi neno la Kifaransa, na wa Uganda neno la Kiingereza. Dawa yake ni kulieleza mara moja mwanzoni mwa matini, "miale ya jua isiyoonekana, ile inayochoma ngozi", kisha kulitumia bila kubadilisha. Kulikwepa kabisa na kusema "jua" tu ndiko kulikozaa kosa la kijikaratasi chetu.

"Utando" ni bora kuliko "filamu". Mswahili anaujua utando wa buibui na utando unaoelea juu ya maziwa yaliyochemshwa. Wazo la ngozi nyembamba iliyolala juu ya kitu kingine limo tayari. "Filamu" humpeleka sinema. Kuhusu "kuvukiza", neno hili hutumika pia kwa kufukiza ubani au dawa, na hilo si kikwazo. Katika matumizi yote kitu kigumu au kimiminika hugeuzwa kuwa mvuke au moshi na kwenda kutua mahali pengine. Tofauti ibainishwe kwa kutaja ombwe.

Hatimaye, "fedha". Katika sentensi kuhusu gharama za viakisi, "fedha" humaanisha pesa. Waandishi waseme "madini ya fedha" pale utata unapowezekana.

7.0 Onyesho kwa taa ya noti

Istilahi hujaribiwa kwa kutumiwa. Wapo mawakala wa fedha za simu na wenye maduka Mbarara ambao hutumia taa ndogo ya urujuanimno kukagulia noti. Taa ya nanomita 365 inatosha kwa onyesho la darasani. Katika chumba chenye giza, noti huwekwa mahali ambapo taa haiifikii moja kwa moja, kisha mwale huelekezwa kwenye karatasi ya alumini ili urudi kwenye noti: alama za siri huonekana. Alumini ikibadilishwa kwa ubao uliopakwa rangi nyeupe, alama hufifia sana. Mtazamaji asiiangalie taa wala mwale unaorudi, kwa kuwa jicho lisiloona urujuanimno linaweza kudhuriwa nao vilevile. Karatasi nyeupe ya kuandikia isitumike mahali pa ubao, kwa sababu hutiwa viungo vinavyotoa mwanga wa buluu chini ya taa hiyo na vitaleta mkanganyiko.

Hili ni onyesho. Vipimo kamili vinahitaji vifaa vya maabara. Thamani yake ni kwamba mwanafunzi analazimika kusema alichokiona, na akijaribu kusema "ubao unang'aa" wenzake watamsahihisha.

8.0 Mapendekezo

Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua ya kukitekeleza mwezi Julai 2022. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekipokea kuwa lugha rasmi, nayo ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Hadhi hiyo itakuwa na maana kwa mkazi wa Nakivale pale Kiswahili kitakapomfikishia maelekezo yasiyo na kosa. Kwa hiyo napendekeza yafuatayo.

Kwanza, maelezo ya afya yataje mata badala ya sifa ya macho. Badala ya "kitu kinachong'aa", paandikwe "karatasi ya alumini isiyo na rangi". Msomaji asiyekuwa nayo aambiwe wazi kwamba chupa itatibika bila kiakisi, mradi saa 6 zitimie.

Pili, muda usifungwe kamwe na mng'ao. Neno "haraka" liondolewe katika maelezo yote ya njia hii.

Tatu, kila matini ya sayansi inayokusudiwa makazi yenye lugha nyingi isomwe kwanza na wasomaji kutoka angalau nchi mbili, pamoja na mtu mmoja wa taaluma husika. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kiko jirani na Nakivale. Ushirikiano wa wanafizikia wake na wataalamu wa Kiswahili ungekuwa mwanzo mzuri.

Nne, vyombo vya kusanifisha istilahi vya kanda viwe vinatoa, pamoja na kila istilahi ya fizikia ya mwanga, sentensi moja ya mfano inayoonyesha yambwa na kipimo chake. Orodha ya majina pekee haimsaidii mwandishi wa kijikaratasi anayefanya kazi usiku ili kazi ichapwe asubuhi.

9.0 Hitimisho

Metali huakisi mwanga mmoja na kufyonza mwingine, na mpaka baina yake hauonekani kwa macho. Darubini zilibadilishiwa tando kutoka fedha kwenda alumini kwa sababu watu walipima pasipoonekana. Mama aliyelaza chupa juu ya paa Nakivale hana kipimo hicho. Ana maneno tuliyomwandikia. Hatua ya nne ya kijikaratasi ile sasa inasomeka hivi: "Ukiwa na karatasi ya alumini isiyo na rangi, itandike chini ya chupa. Ukiwa nayo au usipokuwa nayo, acha chupa juani kwa saa 6." Mwalimu wa Kivu aliisoma kwa sauti, akauliza kama upande uliofifia nao unafaa. Safari hii jibu lilikuwapo.